Lavenda Si Mrihani

Nyumba nyingi za wasomaji wetu wa pwani zina mrihani. Ukiukosa uani utauona barazani, na ukiukosa barazani utauona umeoteshwa katika debe kuukuu nyuma ya jiko, kwani ni taabu mwanamke kutaka kufunga kikuba na mrihani haupo. Mmea tunaouzungumza leo ni ndugu ya huo, nao ni lavenda. Wataalamu wa mimea wameitia yote miwili katika ukoo mmoja pamoja na nanaa, na mwenye kutaka ushahidi na ashike shina changa la kila mmoja kwa vidole viwili, atahisi pembe nne. Lakini undugu huo ndio uliotuponza sisi.

Miaka kadha iliyopita dada yangu alimletea mama yetu, huko Tanga, mche wa lavenda alioununua Nairobi. Mama aliupokea kwa furaha, akauweka kivulini kando ya mrihani wake, akawa akiutia maji asubuhi na jioni kwa kopo lile lile. Alipoona majani yameanza kulegea alisema, "Maskini, una kiu," akazidisha maji. Haukupita mwezi mche ulikufa. Nilipoung'oa niliona mizizi imekuwa myeusi, nayo ikitoa uvundo.

"Mwanangu," akaniuliza, "mbona niliulea kama mtoto?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelipata baadaye, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, maana najua miche mingi hufa kwa njia hiyo hiyo na wenyewe wakadhani mikono yao haina baraka.

Asili ya lavenda ni nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediteranea, penye vilima vya mawe na chokaa. Kusini mwa Ufaransa watu huilima mashamba kwa mashamba kwa ajili ya mafuta yake. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na wakati wa joto ardhi hukauka kabisa. Mmea uliozaliwa mahali kama hapo umejifunza kuweka akiba: majani yake ni membamba, nayo yana vinyweleo vidogo vyenye rangi ya kijivu vinavyozuia maji yasipotee upesi. Mrihani una jani pana na laini. Adhuhuri hulala, ukaunywesha, na baada ya muda mfupi ukasimama tena. Lavenda nayo hulegea ikiwa imekosa maji, lakini aghalabu hulegea kwa sababu mizizi imekwisha oza na haiwezi tena kunywa. Dalili ni moja na sababu ni mbili zinazopingana. Kwa hiyo, kabla hujashika kopo, tia kidole udongoni mpaka pingili ya pili. Ukihisi unyevu, liache kopo lako.

Chombo kinachofaa ni chungu cha udongo uliochomwa, chenye tundu chini, maana kuta zake hupumua. Debe la bati au ndoo ya plastiki huzuia maji. Changanya udongo wa kawaida na mchanga wa chembe kubwa pamoja na kokoto, nusu kwa nusu. Watu wa pwani wana bahati katika jambo hili, kwa kuwa lavenda hupenda udongo wenye chokaa, na kokoto za mawe yetu ya matumbawe ni chokaa tupu. Ila usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi. Samadi pia usitie kwa wingi: mmea utanenepa majani na harufu itapungua. Kisha uweke juani, mahali unapopata jua muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na upepo upite.

Tusifichane, hewa ya pwani yenye unyevu haiipendezi lavenda. Aina ile iitwayo ya Kiingereza, ambayo ndiyo yenye harufu laini kuliko nyingine, hutaka baridi. Wenzetu wa Lushoto, Arusha na Nairobi wanaweza kuijaribu. Mkaazi wa Mombasa au Unguja na atafute ile yenye majani ya kingo za msumeno, maana hiyo huvumilia joto na unyevu zaidi. Mvua za masika zikianza, iingize chini ya ukingo wa paa. Ipo aina ya tatu, yenye vijani vya zambarau vilivyosimama kama masikio juu ya kichwa cha ua. Hiyo ndiyo waliyoijua matabibu wa Kiislamu kwa jina la ustukhudusi, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameitaja katika Kanuni yake.

Kuotesha kwa mbegu ni kazi ya subira nyingi. Bora ukate kitawi kisicho na ua, urefu wa sentimita 10, uondoe majani ya chini, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Kwa majuma manne hadi sita huwa kimetoa mizizi. Mmea ukisha kuchanua upunguze kiasi cha thuluthi, lakini usikate mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, kwani hapo hauchipui tena kwa urahisi.

Maua huchumwa asubuhi, umande ukisha kukauka, wakati machache ya chini yamefunguka. Fungeni vishada vidogo mvitundike vichwa chini, mahali penye giza na hewa, kwa muda wa juma moja au mawili. Yakikauka, yapukusueni katika vifuko vya kitambaa mviweke sandukuni baina ya kanzu na kanga. Tangu zamani watu wameyatumia kufukuzia nondo. Mafuta yake ya dukani ni makali, hayanywewi, nayo yawekwe mbali na watoto. Paka pia hudhurika akila mmea huu.

Mwaka jana nilimpelekea mama mche mwingine, wa majani ya msumeno, nikauweka mwenyewe juu ya dari ya saruji, mbali na mrihani. Mara mbili nilimkuta amepanda ngazi na kopo mkononi. "Kidole kwanza, mama," nilimwambia, naye akacheka. Umetoa vishada vitano mpaka sasa. Matawi niliyoyakata nikayachomeka yalikuwa kumi. Saba yameshika, na jirani wawili wamekwisha omba.