Goli la Siphiwe Tshabalala dhidi ya Meksiko (2010)

Goli la Siphiwe Tshabalala dhidi ya Meksiko lilifungwa tarehe 11 Juni 2010 katika uwanja wa Soccer City, Johannesburg, Afrika Kusini. Lilikuwa goli la kwanza la Kombe la Dunia la FIFA la mwaka 2010, na hivyo ndilo goli la kwanza kabisa kufungwa katika ardhi ya Afrika kwenye fainali za mashindano hayo.

Usuli

Afrika Kusini ilifukuzwa FIFA mwaka 1976 kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi (apartheid), ikarudishwa mwaka 1992. Miaka minne baadaye ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani kwake. Iliomba kuandaa Kombe la Dunia la 2006 ikashindwa na Ujerumani kwa kura moja tu, 12 kwa 11. Mwezi Mei 2004 ilichaguliwa kuandaa fainali za 2010 kwa kura 14 dhidi ya 10 za Moroko.

Mfungaji, Siphiwe Tshabalala, alizaliwa Soweto, karibu na uwanja huo, tarehe 25 Septemba 1984. Wakati huo alikuwa kiungo wa klabu ya Kaizer Chiefs, na alitumia zaidi mguu wa kushoto.

Jinsi lilivyofungwa

Mechi hiyo ya ufunguzi ilitazamwa uwanjani na watu 84,490. Kipindi cha kwanza Meksiko walitawala mchezo, lakini hakuna aliyefunga. Katika dakika ya 55 Afrika Kusini, maarufu kama Bafana Bafana, walifanya shambulizi la kushtukiza. Kagisho Dikgacoi alipenyeza pasi upande wa kushoto, nyuma ya mabeki. Tshabalala aliukimbilia mpira, akaingia nao ndani ya eneo la hatari, kisha akapiga shuti kali la mguu wa kushoto. Mpira ulikata lango kimshazari na kutua kwenye kona ya juu ya upande wa pili, ukimwacha kipa Óscar Pérez bila la kufanya. Mfungaji na wenzake wakasherehekea kwa kucheza ngoma pembeni mwa uwanja, huku vuvuzela zikirindima.

Matokeo

Rafael Márquez aliisawazishia Meksiko dakika ya 79. Dakika za mwisho Katlego Mphela aligonga nguzo ya goli, na mechi ikaisha 1-1. Baadaye Afrika Kusini ilifungwa na Uruguay 3-0, kisha ikaifunga Ufaransa 2-1. Ilipata pointi 4 sawa na Meksiko, lakini ikazidiwa kwa tofauti ya magoli. Hivyo ikawa nchi mwenyeji ya kwanza kutolewa katika hatua ya makundi.

Umuhimu

Goli hili halikuleta ushindi, wala halikuchaguliwa kuwa goli bora la mashindano. Heshima hiyo ilikwenda kwa Diego Forlán wa Uruguay, kwa goli alilowafunga Ujerumani. Hata hivyo linabaki kati ya magoli yanayokumbukwa zaidi ya fainali hizo. Lilifungwa na kijana wa Soweto, kwa timu ya nchi iliyowahi kufungiwa milango ya soka la dunia, katika siku ambayo bara zima lilikuwa mwenyeji kwa mara ya kwanza.