Siterne ya tole: kwa nini inapasukia chini

Mu miji kama Goma na Bukavu maji ya robine inakatika mara kwa mara, njo maana nyumba nyingi, shule na vituo vya afya vinaweka maji mu siterne. Kuna za plastiki, kuna pia zile fundi anatengeneza kwa tole: anaikunja mviringo, anaisude. Tatizo linaanza pale mtu anaomba siterne kubwa, na fundi anatumia tole ileile ya siterne ndogo.

Kitu cha kwanza cha kujua: maji inasukuma ukuta kufuatana na kimo chake. Kila metre 1 ya kimo inaleta karibu gramu 100 juu ya kila santimetre 1 ya mraba. Siterne ya metre 2 ikijaa, juu kabisa hakuna msukumo, lakini chini ni gramu 200. Kwa hiyo chini njo kunateseka zaidi.

Cha pili ni upana. Maji inasukuma kuenda inje, na tole inavutika kama mkaba ku tumbo la mtu aliyeshiba. Ili kujua inavutika namna gani, unazidisha msukumo na nusu ya upana, halafu unagawanya na unene wa tole.

Tuchukue siterne ya kimo cha metre 2 na upana wa metre 1,2, tole ya milimetre 1. Pale chini, kila santimetre ya mraba ya chuma inavutwa na kilo 120 hivi. Chuma cha kawaida, kikiwa kipya, kinavumilia mpaka karibu kilo 2 400. Hapo hakuna shida. Sasa siterne ya metre 4 kwa metre 4, tole ileile: inakuwa kilo 800. Kutu ikikula nusu ya unene, ni 1 600. Na sudire mbaya inaweza kuachia mbele ya tole yenyewe.

Sudire ya kusimama njo inabeba mzigo huo wote. Ile ya kuzunguka inabeba kidogo. Ndiyo sababu ufa unafuata urefu wa siterne.

Hata viwanda vikubwa vilikosea. Mwaka 1919, mu mji wa Boston, Marekani, tanki la chuma la kimo cha metre 15 lililojaa melasi lilipasuka, watu 21 wakafa. Kuta zake zilikuwa nyembamba kupita mzigo, na halikujaribiwa kwa kulijaza maji.

Basi, kama unaagiza siterne, ongeza unene kila mara unaongeza kimo ao upana. Siku ya kwanza, jaza pole pole, metre moja moja, uangalie sudire za chini, watoto wakae mbali. Na kila mwaka, chunguza kutu pale chini, hata kama juu rangi ingali inang'aa.