Mshahara wa Juni Ukilipwa Julai

Tajiri akichelewesha mshahara tunalalamika juu ya kodi ya nyumba, karo na deni la dukani. Kuna hasara nyingine ambayo wengi wetu hatuioni, nayo imo katika tarehe.

Hapa Uganda mwaka wa kodi huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Sisi hukatwa kodi pesa zinapotufikia, si kwa mwezi tuliotoa jasho. Kampuni kubwa haihesabu hivyo. Mshahara wa Juni ambao haijatulipa huandikwa vitabuni kuwa gharama ya Juni. Wao wana kalenda yao, sisi tuna yetu.

Tumpigie hesabu mwenzetu wa Eneo la Viwanda, Kampala, anayepata shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2012, shilingi 235,000 za kwanza hazikatwi. Zinazofuata hukatwa asilimia 10 mpaka 335,000, asilimia 20 mpaka 410,000, na zikizidi hapo asilimia 30. Yeye hukatwa 6,500. Sasa tajiri amezuia mishahara ya Aprili, Mei na Juni, akailipa yote pamoja na ya Julai. Karatasi inaonyesha 1,200,000, na kodi 262,000! Miezi hiyo minne ikilipwa kwa wakati wake, angekatwa 26,000 tu.

Sehemu yaweza kurudi, maana sheria huangalia mwaka mzima. Mwaka wa kwanza alipokea mishahara 9, yaani 2,700,000, nazo hazifiki 2,820,000 zisizotozwa. Basi zile 58,500 alizokatwa ni zake. Mwaka wa pili alipokea mishahara 15, yaani 4,500,000. Kodi ya haki ni 216,000, naye amekatwa 333,500. Lakini hakuna wa kumletea nyumbani. Anayelipwa na tajiri mmoja halazimiki kupeleka ritani, kwa hiyo wengi hawapeleki, na pesa zinalala huko huko. Ni lazima adai mwenyewe kwa Mamlaka ya Mapato, yenye makao yake Nakawa.

Hata akirudishiwa zote, 60,000 zimepotea kabisa, kwa sababu miaka miwili isiyo na ucheleweshaji ingemtoza 156,000. Tajiri angelipa 30 Juni, hata jioni, zingekuwa zake.

Katika mkataba ujao tunataka kifungu: malimbikizo yalipwe kabla ya 30 Juni, na tajiri akivuka tarehe hiyo, tofauti ya kodi ailipe yeye. Aliyelipwa namna hii amletee mwakilishi wa tawi lake karatasi za mshahara za miaka yote miwili, tupige hesabu pamoja.