Maji ya Rejeta Hayapotei Bila Njia

Katika majeshi ya ulinzi na usalama, gari nalo ni askari. Hulala kikosini, huamka alfajiri, na hutumwa mahali ambapo mtu wa miguu asingefika kwa wakati. Gari linalougua likapelekwa doria bila kutibiwa ni sawa na askari mgonjwa aliyepangwa lindoni: siku ya kazi halitategemewa.

Jambo hili hudhihirika wilayani Rusizi, sehemu iliyojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda. Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Dereva akiteremkia mashamba ya mpunga ya Bugarama, huwa chini ya mita 1,000, katika joto kali. Akielekea Huye, hana budi kupanda msitu wa Nyungwe hadi kupita mita 2,400. Land Cruiser au Land Rover ya zamani yenye kasoro ndogo katika upozaji wa injini huenda ikavumilia safari za mjini Kamembe. Lakini mlima wa Nyungwe huifichua kasoro hiyo, pengine usiku, mahali pasipo na nyumba wala fundi.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kandokando ya Kivu huchemka kwenye nyuzi zipatazo 95. Na juu Nyungwe kwenye nyuzi zipatazo 92, karibu sawa na joto la kawaida la injini iliyo kazini. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo hubana mvuke, na kwa kufanya hivyo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi zaidi ya 20. Springi yake ikichoka, gari huchemsha mlimani hata kama injini ni nzima. Fundi asiye na subira hutangaza papo hapo kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini hufunguliwa, fedha za umma hutumika, na gari likirudi mlimani huchemsha tena.

Maji ya rejeta hayapotei bila njia. Ama yanatoka nje, ama yanaingia ndani ya injini. Uchunguzi wa haki huanzia nje: mfuniko, mipira na vibano vyake, rejeta yenyewe, na tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji. Palipovuja hubaki alama nyeupe au ya kutu hata baada ya kukauka. Mkanda wa feni na thamostati navyo havina budi kukaguliwa.

Nje kukiwa salama, ndipo ndani kushukiwe. Injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko huondolewa na injini huwashwa. Mapovu yakiendelea kutoka mfululizo baada ya hewa iliyonaswa kuisha, gesi za mwako zinapenya kwenye maji. Mpira wa juu ukiwa mgumu mara tu baada ya injini iliyofungwa mfuniko kuwashwa, kabla maji hayajapata moto, ushahidi huongezeka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, ni dalili nzito. Lakini moshi wa asubuhi yenye ukungu, au utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee, waweza kuwa unyevu wa safari fupi tu.

Dalili hizo hutokea pia silinda hedi ikiwa na ufa. Kwa hiyo, ikishafunguliwa, haifai kubadilisha gasketi na kufunga. Hedi hupimwa kama imepinda au imepasuka, na bolti zake hukazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio uliowekwa na kiwanda.

Hata hivyo, chombo cha kwanza cha uchunguzi ni daftari la gari. Dereva anayeongeza lita moja kila asubuhi akanyamaza, kwa kuogopa kulaumiwa, anamnyima fundi ushahidi na kuwaponza wenzake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kamanda naye anayemwadhibu dereva kwa kuripoti ubovu anawafundisha wote kuuficha.

Mshale wa joto ukiingia penye wekundu, gari lisimamishwe na injini izimwe. Mfuniko usiguswe mpaka injini ipoe, kwani mvuke huunguza uso. Wala maji baridi yasimwagwe kwenye injini yenye moto, kwani hedi hupasuka. Doria iliyochelewa kwa saa moja hufika. Iliyolazimishwa kwa injini inayochemka hubaki msituni, na wananchi waliokuwa wakiingoja hubaki bila msaada.