Oksijeni Ndani ya Nguzo

Mgeni anayeingia ukumbi wa mbele wa hospitali ya Rush, mjini Chicago, huona nguzo nene na sakafu pana, akadhani msanifu alipenda nafasi tu. Kumbe nguzo zina siri. Fungua vibao vilivyopachikwa ubavuni mwake, utakuta matundu ya oksijeni na soketi za umeme. Wagonjwa wakifurika, vitanda huletwa ukumbini, na kila nguzo ikawahudumia waliolazwa kuizunguka.

Jengo hilo la ghorofa 14 lilifunguliwa Januari 2012. Lilipangwa Marekani ikiwa bado na kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 2001 na barua zenye vimelea vya kimeta zilizofuata. Swali lilikuwa moja: wakija mamia kwa mpigo, watawekwa wapi? Wasanifu wa Perkins+Will wakaigawa idara ya dharura katika kanda tatu, kila moja ikiweza kutengwa na nyingine.

Hapo hewa ndiyo kazi yenyewe. Vitanda hununuliwa, na mahema husimikwa uwanjani kwa siku moja. Mabomba ya hewa yaliyokwisha kufichwa juu ya dari hayafumuliwi wagonjwa wakiwa mlangoni. Katika chumba cha kutengea, feni hunyonya hewa nyingi kuliko inayoingizwa. Mlango ukifunguliwa, hewa ya korido hukimbilia ndani, na ile aliyoikoholea mgonjwa haipati njia ya kumfuata muuguzi. Pale Rush hali hiyo inaweza kuwashwa kwa kanda nzima, si chumba kimoja kimoja.

Korona ilipobisha hodi, Machi 2020, banda la kushushia wagonjwa wa ambulensi liligeuzwa mahali pa kuwachunguza waliokuja kwa miguu yao, kabla mwenye kikohozi hajaketi karibu na aliyevunjika mkono.

Kutenga, hata hivyo, hakudai ghorofa. Huko Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola ya 2018, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, ukutani vimeshonewa mikono yenye glavu. Muuguzi alisimama nje, akapenyeza mikono yake humo na kumhudumia mgonjwa bila kuvaa lile vazi zito linalomtoa mtu jasho hadi kuishiwa nguvu. Ndugu nao walisimama nje ya ukuta huohuo, wakazungumza na mgonjwa wao wakimtazama usoni.