Kipimo Kimoja kwa Vyuo 155

Mwanachuo apelekwapo kutazama somo hupewa karatasi ya kujaza: zana zipo au hazipo, watoto wamekaa kwa vikundi au hapana, ubao umepangwa ipasavyo au sivyo. Karatasi hiyo ina faida, ila yafaa ajue mapema mambo isiyoweza kuyaona. Mfano mzuri wa jambo hili unatoka katika mafunzo ya udaktari huko Marekani.

Mwaka 1910 Abraham Flexner alitoa taarifa juu ya vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Hakuwa daktari, alikuwa mwalimu, aliyewahi kuendesha shule yake mwenyewe mjini Louisville. Kipimo chake kilikuwa Johns Hopkins, chuo cha Baltimore kilichoanza kufundisha udaktari mwaka 1893, chenye maabara, hospitali ya kufundishia, na wanafunzi waliokwisha kupata digrii. Tusimwonee. Vyuo vingi alivyovikuta vilikuwa biashara tupu, vikipokea ada ya kila awezaye kulipa. Kufungwa kwa vyuo vya namna hiyo kulikuwa ni heri kwa wagonjwa.

Lakini kipimo kile kile kilitumiwa kwa vyuo saba vya Wamarekani Weusi, watu ambao vyuo vingi vya Wazungu viliwafungia mlango. Flexner alishauri vibaki viwili, Howard na Meharry. Chuo cha Leonard, mjini Raleigh, kilifungwa mwaka 1918, na kufikia mwaka 1923 vilibaki viwili hivyo tu. Uhaba wa maabara aliouona ulikuwa wa kweli. Je, chuo kisichopata fedha kingezitoa wapi? Na kijana Mweusi wa North Carolina akasomee wapi, na jamaa zake watibiwe na nani? Kipimo hakikuwa na safu ya maswali hayo. Kwa maoni yangu, chuo cha namna hiyo kilistahili kuongezewa, si kufungwa.

Basi ukilikuta darasa la watoto 90 wenye vitabu 18, mwalimu akisoma kwa sauti nao wakimfuatisha, usikimbilie kuandika kwamba mbinu ni duni. Muulize baada ya somo kwa nini amechagua hivyo. Huenda asiwe na sababu yoyote. Huenda pia akakueleza jinsi vitabu vinavyozungushwa, na nani husoma peke yake siku gani. Majibu hayo hayastahili alama moja; na kwa kuwa karatasi yako haina mahali pa kuyaandika, yaandike nyuma yake.