Bastola ya Babu Sandukuni: Itambulikavyo na Wajibu wa Aliyeikuta

Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikabiliana kando ya mto Kagera. Si ajabu, basi, bastola ya enzi hizo kuonekana leo katika sanduku la marehemu babu. Twaeleza hapa namna inavyotambulika, kwa macho tu, bila kuigusa.

Webley Mark VI, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, hufunguka kwa mtutu kuinamia mbele, na silinda yake hubeba risasi sita za kaliba ya inchi 0.455. Enfield No. 2 ya mwaka 1932 hufunguka vivyo hivyo, ila ni nyepesi zaidi na kaliba yake ni 0.38. Bastola za jeshi la Ujerumani za mwaka 1879 na 1883 hazikunjuki; risasi huingizwa mojamoja kupitia kilango cha upande wa kulia.

Alama ya mshale huonyesha mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka uliogongwa kwenye chuma ni wa kutengenezwa, si wa kufika kijijini.

Thamani ya silaha kama hiyo hutokana na uhalisi wake: nambari zinazolingana, rangi ya awali ya chuma na historia inayothibitika. Anayeipiga msasa hufuta alama hizo, na kufuta ushahidi pia.

Risasi kuukuu ni hatari kuliko bastola yenyewe. Baruti yaweza kudhoofika hali fataki ingali hai: risasi ikachelewa kulipuka, au ikakwama mtutuni, na inayofuata ikaipasua silaha mkononi mwa mpigaji. Tusizigonge wala kuzitupa motoni.

Kutu si kibali. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 humtaka mwenye silaha au risasi awe na cheti. Kijana anayevuka mpaka na urithi wa babu akitafuta mnunuzi aweza kujikuta anashukiwa kwa magendo ya silaha.

Ukiikuta, iache ilipo, waondoe watoto, kisha umjulishe mwenyekiti wa LC 1 au kituo cha polisi kilicho karibu. Usiibebe kuileta, sisi tutaifuata.